Kwa dada aliyeuliza kama aache kula samaki kwa ajili ya mimba: jibu la mtu aliyevua miaka 17

Dada, umeandika kwamba mumeo ni mvuvi, kitoweo chenu karibu kila siku ni samaki anaorudi nao, una mimba ya miezi minne, na umesikia samaki wana zebaki, ile metali yenye sumu. Unauliza kama uache kabisa. Halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, ukagusia kwamba shemeji, yaani huyo mumeo, anaamka usiku akikung'uta mikono kwa ganzi, na kidole gumba chake kimevimba wiki ya pili sasa. Waliotangulia wamekujibu la samaki, wengine wamekuambia uache leo hii. La mikono hakuna aliyeligusa.

Mimi nitayajibu yote mawili, kwa sababu kwangu ni jambo moja. Kilichomo ndani ya samaki humfikia kwanza yule anayemla mara nyingi kuliko wengine, naye ni mvuvi na watu wa nyumbani kwake. Mnunuzi wa mjini anakula mara moja kwa wiki, tena amechagua. Sisi tunakula kila siku, tena kile kilichobaki.

Nianze na lililokutia hofu. Usiache samaki. Badilisha aina ya samaki.

Zebaki hutoka sana kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu na kwenye makaa ya mawe yanayochomwa. Nyingine hupanda hewani na kushuka na mvua, nyingine hufuata mito hadi ziwani na baharini. Kwenye tope la chini kuna bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayotudhuru kupitia samaki. Vijimea na vijidudu vya majini huichukua kidogo kidogo. Samaki mdogo akivila, anakusanya ya vyote alivyokula. Mkubwa akimla mdogo, anachukua akiba ya maelfu ya wadogo. Kwa hiyo papa aliyeishi miaka 20 akiwinda amebeba hesabu ya bahari nzima iliyo chini yake, na dagaa aliyeishi mwaka mmoja hajapata muda wa kukusanya kitu.

Tofauti yake si ndogo. Kwa vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, sardini kwa wastani wana miligramu 0.013 hivi za zebaki kwa kilo ya nyama. Papa na samaki-upanga wanakaribia miligramu 1. Wataalamu wa pamoja wa shirika la chakula na kilimo duniani, FAO, na shirika la afya duniani, WHO, waliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, na waliiweka wakimfikiria mtoto aliye tumboni. Chukua mama wa kilo 60: kikomo chake ni mikrogramu 96 kwa wiki. Gramu 100 za papa, yaani kipande kimoja cha kawaida, zinamaliza kikomo chote. Kwa sardini angehitaji kilo 7 ndipo afike hapo. Ukiweka hesabu hii mbele yako, swali la kuacha au kutoacha linabadilika lenyewe.

Na kuacha kuna hasara. Mafuta ya omega-3 yaliyomo kwenye samaki ndiyo yanayojenga ubongo na macho ya mtoto, na kuna aidini na vitamini D humo humo. Mwaka 2010 jopo la FAO na WHO lilikaa kupima faida na madhara pamoja, likaona kwamba mama mjamzito anayekula samaki humpunguzia mtoto hatari ya kuchelewa kukua kwa ubongo, kuliko yule asiyekula kabisa. Wewe kula dagaa, sardini, vibua wadogo, na samaki wadogo wadogo wasiowinda wenzao. Papa, nduaro, samaki-upanga, nguru wakubwa na jodari wakubwa, waweke kando mpaka umalize kunyonyesha.

Kuna jambo nililoliamini miaka mingi nikiwa baharini, na nimeona hapa juu mtu ameliandika tena: kwamba ukitoa ngozi na kichwa, au ukilowesha samaki kwenye ndimu na chumvi, au ukimkausha kwa moto mkali, zebaki inatoka. Haitoki. Zebaki ya methili imeshikana na nyama yenyewe, na hakuna upishi unaoiondoa. Imani hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa kuna sumu nyingine zinazokaa kwenye mafuta: PCB zilizotumika zamani kwenye transfoma za umeme, na dioksini. Hizo ukitoa ngozi, mafuta ya tumboni na ini, kisha ukachoma samaki mafuta yakadondoka, unazipunguza kweli. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, nayo hukaa zaidi kwenye ini na matumbo ya pweza, ngisi na kaa. Kwa hiyo safisha vizuri, ila usitegemee kisu kikuondolee zebaki ya papa.

Najua haya kwa mwili wangu. Chombo chetu kilikuwa kinauza samaki wa ukubwa wa kati, hao ndio waliokuwa na soko. Vipande vya papa na wakubwa waliopondeka havikuwa na mteja, tukagawana, na kwangu vililiwa karibu kila siku. Siku moja walikuja watafiti wakaomba nywele za kisogoni. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita inatunza kumbukumbu ya zebaki ya mwezi ule, kama daftari. Zangu zilikuwa juu ya kiwango, za mke wangu pia. Sikuwa naumwa chochote. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba mtu anaweza kubeba kitu kwa miaka na asisikie. Tukabadilisha. Nikaanza kurudi na wadogo, papa nikamwacha baharini. Mwili hutoa nusu ya zebaki ya methili kwa muda wa siku 50 hivi, wengine zaidi kidogo, na tulipopimwa tena baada ya nusu mwaka, zilikuwa zimeshuka wazi. Hatukunywa dawa yoyote. Ndiyo maana nakuambia bado una muda, mimba ya miezi minne ina miezi mitano mbele.

Wengi wakisikia zebaki wanataja Minamata, huko Japani, lakini mara nyingi wanaruka sehemu inayotuhusu. Kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Walioanza kuugua hawakuwa watu wa mjini. Walikuwa wavuvi na familia zao, na kabla yao paka wao, waliokuwa wakipewa mabaki ya samaki: walitetemeka, wakazunguka-zunguka, wakaanguka majini. Ugonjwa uliripotiwa rasmi Mei 1956 na daktari Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe. Mwaka 1959 alimlisha paka maji ya kiwanda, paka akaugua vilevile, na matokeo hayakutangazwa. Serikali ilitamka chanzo chake mwaka 1968, miaka 12 baada ya ripoti ya kwanza, na muda wote huo wavuvi waliendelea kula. Kuna watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa na mama zao wana dalili ndogo tu au hawana kabisa, kwa sababu zebaki hupita kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ukabeba jina la mji ule. Sikutajii haya ili kukutisha, kwani samaki wa kawaida wa bahari hawafikii hata karibu na wale wa ghuba ile. Nakutajia ujue kwamba anayeugua kwanza huwa ni yule aliye karibu na chombo, na ndiye anayepimwa mwisho.

Sasa shemeji.

Ganzi ya kuamka nayo usiku na kukung'uta mikono mpaka itulie, mimi siifikirii zebaki kwanza. Ganzi ya zebaki mara nyingi huja mikononi na miguuni kwa pamoja, na kuzunguka midomo, kisha mwendo unayumba na macho yanaanza kuona katikati tu, pembeni giza. Hiyo ya usiku kwa mvuvi huwa ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, kwa miaka ya kuvuta kamba na kushika mpini wa injini inayotetemeka. Muulize: ganzi iko kidole gumba, cha shahada na cha kati, kidole kidogo kimesalimika? Kama ndivyo, amwambie daktari hivyo hivyo. Ikishikwa mapema, kufunga kifundo usiku kwa bamba la kukinyoosha husaidia sana. Ikiachwa, msuli wa chini ya kidole gumba unasinyaa, na mvuvi asiyeweza kubana kamba hana kazi. Hata hivyo aombe apimwe zebaki pia, kwa kuwa mnakula pamoja, na majibu yake yatakuonyesha na wewe umesimama wapi.

Kidole kilichovimba ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, na naomba usikipuuze. Kwenye utelezi wa samaki kuna bakteria wanaoingia kwa mwiba mdogo tu au mchubuko wa kamba. Kuna ugonjwa uitwao erisipeloidi: kidole kinakuwa chekundu cha zambarau, kinauma kama kinachomwa, hakitoi usaha, na penisilini inakimaliza. Kuna mwingine wa polepole, wa bakteria wa ukoo wa kifua kikuu wanaoishi majini. Huota vinundu vinavyopanda mkono taratibu kwa wiki nyingi, na dawa zake ni za miezi. Na kuna wa tatu, bakteria aitwaye vibrio wa maji ya chumvi yenye joto, ambaye hangoji wiki: ndani ya saa chache mkono unavimba, malengelenge meusi, homa, na mtu mwenye ugonjwa wa ini au kisukari anaweza kupoteza uhai. Ukiona hivyo, ni hospitali usiku huo huo.

Mimi kidole changu kilitibiwa mara tatu kwenye kituo kimoja, kila mara kwa dawa tofauti, mpaka muuguzi mmoja mtu mzima aliponiuliza, "Baba, unafanya kazi gani?" Nilipomjibu, ikawa mara ya kwanza mtu kufikiria samaki. Kwa hiyo neno la kwanza shemeji atakalolisema akiingia kwa daktari liwe hili: mimi ni mvuvi, nilichomwa na mwiba wa samaki. Asisubiri kuulizwa.

Na kwa kuwa umenifungua mdomo kuhusu afya ya mvuvi, niseme moja lililobaki moyoni. Mwaka 1999 shirika la kazi duniani, ILO, lilikadiria kwamba wavuvi 24,000 hufa kazini kila mwaka, na makadirio ya baadaye ya FAO yalizidi 32,000. Nilikuwa na mwenzangu wa usukani, tulianza kazi mwaka mmoja. Siku ile tulikuwa na usiku wa tatu bila kulala vizuri, kwani samaki walikuwa wengi na nahodha hakutaka kuwaacha. Alikwenda nyuma ya chombo alfajiri, hakurudi. Jaketi lake la kuokolea maisha lilikuwa chini ya nyavu, kavu. Bahari ilikuwa imetulia kabisa siku ile. Aliyemchukua ni usingizi. Mkataba wa ILO namba 188 wa kazi ya uvuvi, ulioanza kutumika Novemba 2017, unataka chombo kinachokaa baharini zaidi ya siku tatu kiwape watu mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Vyombo vingi vidogo havijawahi hata kuusikia, lakini saa hizo shemeji anaweza kuzidai kwa nahodha wake bila kutaja mkataba wowote. Na jaketi livaliwe, si kubebwa.

Kama shemeji na wenzake wanasafiri na barafu kidogo, hapo pia pana afya yenu nyote. Jodari na vibua wakikaa juani, nyama yao inatengeneza sumu iitwayo histamini. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia ndani ya saa moja baada ya kula, na kupika tena hakuiondoi. Samaki wa namna hiyo mara nyingi ndiye yule aliyekataliwa sokoni akarudishwa nyumbani. Mwambie asikuletee huyo. Akuletee dagaa wa leo.

Kidole kiangaliwe kabla ya safari ijayo. Ukirudi hapa, andika daktari amesema nini, na ganzi iko vidole gani.