Sichori Kuta za London, Nazifuta

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma, na wa wenzako wa kijiweni nimeusoma. Mnauliza mambo mawili: ukuta mmoja huku unalipwa kiasi gani, na mwaliko nitawatumia lini. Nasikia pia Mama mdogo ameshatangaza mpaka kwenye kikoba kwamba mwanawe anachora majengo ya Wazungu. Chanzo ni ile picha: nimevaa kizibao cha njano, nimeshika mpini mrefu, nyuma yangu ukuta una sura ya mwanamke yenye rangi ya zambarau, kubwa kama mlango wa gereji. Mmeitazama sura, mpini hamkuutazama. Ule ni wa mashine ya maji ya presha. Kazini tunatakiwa kupiga picha mbili kila ukuta, moja ya kabla na nyingine ya baada, ili bosi aambatanishe kwenye hati ya malipo. Mliyoiona ni ya kabla.

Basi ndiyo hivyo. Shule ya sanaa nimesoma, na mkono wangu mnaujua tangu nilipokuwa nachora vibao vya vinyozi. Huku nalipwa kufuta.

Habari za baridi na upweke sitawarudishia, wabeba boksi wenzangu wameshaziimba vya kutosha. Nataka tuongee kuhusu ukuta, kwa sababu hapo ndipo mnapodanganyana zaidi.

Mnaangalia video za Shoreditch na Brick Lane, mitaa ya London ya mashariki, mnaona michoro kila kona, watu wanalipia kutembezwa na kuelezwa nani kachora nini, mnadhani jiji zima limefunguliwa. Halijafunguliwa. Kila tofali la London lina mwenyewe, na kupuliza rangi kwenye mali ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uharibifu wa mali ya mwaka 1971, ambayo kilele chake ni miaka 10 jela. Mingi ya ile michoro mikubwa mnayoipenda ina kibali cha mwenye jengo. Mingine ni matangazo ya biashara yaliyochorwa kwa mkono, yakijifanya sanaa ya mtaani ili vijana wayapige picha wenyewe. Hapo ndipo hela ilipo, na hela hiyo ina mikono yake tayari.

Sehemu ya bure ipo, nisiseme uongo. Chini ya stesheni ya Waterloo kuna njia ya handaki inaitwa Leake Street. Mwaka 2008 Banksy, yule mchoraji wa mtaani maarufu anayeficha sura yake, aliwakusanya wachoraji wenzake pale, na tangu hapo mtu yeyote anaruhusiwa kuchora. Nenda na makopo yako, hakuna atakayekufukuza. Hakuna atakayekulipa pia, na ulichokimaliza saa nne asubuhi unaweza kukikuta kimefunikwa na mwingine kabla jua halijazama. Mimi hupenda kwenda pale nikiwa sina zamu. Harufu yake tu ya rangi mbichi inanitosha. Lakini kodi ya chumba hailipwi kwa harufu.

Kuhusu mchoro wa nani unafutwa na wa nani unawekewa kioo cha kuulinda, msinifanye nianze. Mchoraji wa mtaani Ben Eine alishatiwa hatiani mara kadhaa kwa kuchora bila ruhusa, kisha mwaka 2010 Waziri Mkuu Cameron akachukua kazi yake na kumpa Obama kama zawadi ya kiserikali. Mwaka uliofuata kijana aliyekuwa akijiita Tox, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika herufi zile zile tatu, T, O, X, na namba za mwaka pembeni, akafungwa miezi 27. Mahakamani mwendesha mashtaka alisema wazi kwamba huyu si Banksy. Banksy mwenyewe akajibu kwa kuchora, kwenye ukuta wa Camden hapa London, mtoto anayepuliza mapovu, mapovu yanaunda jina la Tox. Mchoro ule watu waliuthamini. Jina lile lile likiwa limeandikwa na mwenye jina, lingeletewa mtu kama mimi.

Sasa zidisha hesabu hiyo kwa mtu mwenye pasipoti yetu. Mgeni akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, sheria ya mwaka 2007 inaelekeza afukuzwe nchini. Tox alitoka akarudi kwao, na kwao ni London. Wewe utarudishwa kwenu kwa ndege, na Mama mdogo atatafuta la kuwaambia kikoba.

Mwaka 2007 wafanyakazi wa usafiri wa jiji walipaka rangi juu ya mchoro maarufu wa Banksy karibu na Old Street, wa wale majambazi wawili wa sinema walioshika ndizi badala ya bastola. Watu wakalia, thamani ikatajwa kuwa mamia ya maelfu ya paundi. Msemaji wa usafiri akajibu kwamba timu zao ni wasafishaji wa kitaalamu, si wahakiki wa sanaa. Nikiisimulia kazini wenzangu wanacheka. Mimi huwa sicheki sana, maana nina shahada ya kuhakiki na bado napewa ndoo.

Kazi yenyewe niwaeleze, labda mtaacha kuniuliza. Tunaanza kabla maduka hayajafunguliwa, kwa hiyo natoka na basi la usiku. Nauli yake mwaka 2025 ilikuwa paundi 1.75, na treni za chini ya ardhi asubuhi hiyo nyingi bado zimelala. Matofali ya zamani ya London yana vinyweleo, yananyonya rangi. Unapaka dawa nzito, unasubiri ilainishe, unapiga maji ya moto. Ukizidisha presha unabandua uso wa tofali na chokaa ya katikati, na hapo mwenye nyumba anakushitakia bosi. Ukipunguza, kinabaki kivuli. Wakati wa baridi maji yanaganda kando ya barabara, unamwaga chumvi mtu asije akateleza, huku dawa imeshapita glovu na vidole vinawasha. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Najua mmeshachukua simu mnazidisha kwa shilingi. Acheni. Kodi nayo inakuja kwa paundi.

Uchafu wa kawaida haunisumbui: vibandiko kwenye nguzo, majina ya wapenzi, matusi ya timu za mpira. Linaloniuma ni maandishi ya kuwataka wageni warudi kwao. Yapo. Yanaandikwa kwenye mlango wa msikiti, ukuta wa duka la Msomali, kituo cha basi nje ya hospitali ambako nusu ya wauguzi wametoka kwetu na kwingine. Hayo yanaitwa kazi ya haraka, yanatakiwa yaondoke ndani ya siku moja, na mara nyingi bosi hunituma mimi. Anasema mimi ni mwangalifu. Ni kweli, mimi ni mwangalifu. Nasimama mbele ya sentensi inayonihusu, naisugua herufi moja moja, na najua kabisa kwamba kwenye tofali la namna ile kivuli kitabaki, na siku ya mvua anayejua pa kutazama bado ataisoma. Na London mvua haikosi. Halafu napiga picha ya baada, natuma ofisini.

Hizo picha sijawahi kuwatumia nyumbani.

Sasa makaratasi, kwa sababu ndugu zangu mnadhani tatizo ni kukosa juhudi. Niliingia kwa viza ya mwanafunzi. Inakuruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, lakini uwe umeajiriwa. Kujiajiri marufuku, na kuuza picha au kupokea hela ya ukuta ni kujiajiri. Mwenye mgahawa mmoja aliona daftari langu, akataka nimchoree ukuta wa ndani, akataja bei nzuri. Nikakataa. Akadhani nataka aongeze, akaongeza. Nikakataa tena, na sikuwa na namna ya kumweleza mtu mzima kwamba naruhusiwa kumfagilia choo lakini kumchorea ua ni kosa.

Nilipomaliza shule nikapata viza ya wahitimu. Hiyo inaruhusu kujiajiri, tena bila kikomo cha saa. Haleluya. Ila yangu ni ya miaka 2, haiongezwi, na ikiisha unahitaji mwajiri mwenye leseni ya kukudhamini, kazi ya ngazi ya shahada, na mshahara ambao tangu Julai 2025 kiwango chake cha kawaida ni paundi 41,700 kwa mwaka. Kufuta kuta hakumo. Kwa hiyo muda ambao ningeutumia kutafuta kuta za kuchora nautumia kuweka akiba ya kodi, na wanaonishauri nijilipue, yaani niombe ukimbizi kwa hadithi ya uongo, nimewaambia sitaki kujitungia vita ambayo sikuikimbia.

Sasa mnielewe. Msije. Yaani msije hivyo mnavyopanga, kwa kukopa, kwa kuuza kiwanja, eti mtaanza na kazi yoyote kisha mtachora. Kazi yoyote hiyo inakula mkono. Ukishinda umeshika mashine inayotetemeka, jioni ukishika penseli mstari unacheza.

Lakini wewe binafsi, mdogo wangu, wewe una kitu, na ningekudanganya nikisema ukae tu. Ipo viza ya vipaji vya kimataifa. Wasanii wanapitishwa na Arts Council England, baraza la sanaa la huku, mwajiri hahitajiki, na ukiipata unachora, unauza, unafundisha, hakuna wa kukuuliza. Wanataka barua 3 za watu na taasisi zinazotambulika, na ushahidi kwamba kazi yako imeonekana: maonyesho, magazeti, tuzo. Mengi ya hayo yanajengwa ukiwa hapo hapo ulipo. Ukuta wa shule ulioandikwa gazetini na kusainiwa na mkuu wa kituo cha utamaduni una uzito kuliko ukuta wowote ambao mimi nitaitwa asubuhi kuufuta. Kwa hiyo acha kuchora bure kwa ahadi ya kutangazwa. Au chora bure kimoja, kikubwa, mahali penye watu, basi. Na kila kazi ihifadhi karatasi yake, hata risiti ya rangi.

Kama utakuja kutembea tu, nitakupeleka mtaa wa Brixton ukaone mchoro wa uso wa mwanamuziki David Bowie ulivyowekewa ngao ya plastiki, na Leake Street tutachora mpaka tuchoke. Koti utavaa langu. Lakini usije.

Mama mdogo mwambieni nyinyi, mimi sina ubavu. Au msimwambie, muacheni kwanza.

Picha za kazi zako nitumie wiki hii, kuna mtu wa nyumba moja ya maonyesho ameniambia atazitazama. Piga mchana, ukuta mzima, usikate juu, mtu asimame pembeni ili ukubwa ujulikane. Ile ya karakana uliyopiga jioni haifai, kivuli cha mwembe kimeifunika nusu, irudie.