Herufi zote zilisomwa, mwanangu, lakini fundo je?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza: kama herufi zote za virusi vya korona zilisomwa na kutangazwa Januari 2020, wiki chache tu baada ya ugonjwa kujulikana, mimi baba yako nimekuwa nikifanya nini maabara miaka thelathini? Nilicheka kwanza. Kisha likanichoma, maana umeuliza kwa haki.

Herufi hizo ni karibu 30,000, za aina nne tu: A, U, G na C. Ukiziandika unapata mstari mrefu. RNA yenyewe, yaani uzi wa kemikali unaobeba herufi hizo, haikai kama mstari. A huvutana na U, nayo G huvutana na C, basi uzi unajirudia, unajikunja, unafanya vitanzi na mafundo. Kamba ya kiatu unaweza kuipima urefu mpaka sentimita ya mwisho na bado usijue imefungwaje.

Katika virusi hivyo hivyo vya korona, ribosomu, mtambo wa seli unaosoma herufi tatu tatu, hufika mahali palipoandikwa UUUAAAC. Mbele yake kuna fundo: kitanzi ambacho mkia wake umerudi kujifunga humo humo. Ribosomu hukwama. Baadhi huteleza nyuma herufi moja, na kuanzia hapo husoma habari nyingine kabisa. Bila kuteleza huko virusi havipati kimeng'enya, yaani protini ya kazi, cha kujinakili.

Ila kinachoninyima usingizi ni virusi vya dengi na Zika. Seli ina kimeng'enya kiitwacho Xrn1, kinachotafuna RNA kuanzia kichwani kwenda mkiani. Hutafuna maelfu ya herufi bila taabu, halafu karibu na mwisho husimama ghafla, na kipande kinachobaki huvisaidia virusi kuvuruga ulinzi wa seli. Tulijua kinasimama. Kinazuiwaje? Mwaka 2014 picha ya fuwele (RNA huachwa igande kama chembe za chumvi, kisha hupigwa eksirei), ya RNA ya virusi vya ukoo huo huo, ilionyesha uzi umejizungusha ukawa pete, na kichwa cha kipande hicho kimepita katikati yake. Mtafunaji anayekuja kutoka upande wa kichwa hugonga pete. Kimeng'enya cha virusi kinachonakili hutokea upande wa pili, hukifumua kitu chote na kupita zake. Mlango wa upande mmoja, kwa uzi mtupu!

Picha ile si yangu. Wakati huo nilikuwa katika mwaka wa pili wa kusubiri fuwele za fundo jingine, wala hazikuota. Baadaye nikagundua RNA yangu ilikuwa imekatikakatika: ngozi zetu zina vimeng'enya vinavyoikata, nami nilikuwa mzembe wa glavu. Sasa unajua kwa nini ulipokuja maabara nilikufokea usiguse meza.

Nimefanya nini, basi? Nimechora mafundo matatu. Moja nililikosea, kijana wa nusu ya umri wangu akalisahihisha, na alikuwa sahihi. Dawa haijatoka hata moja mikononi mwangu. La nne liko kwenye barafu. Jumatatu nalitoa, na glavu nimeshanunua mbili mbili.

Baba yako