Maswali Yenu: Kipchoge, gurudumu la Vienna na watu wa Ashanti

*Salamu ndugu mhariri. Sisi vijana wa mbio hapa Kapchorwa tukimaliza mazoezi tunarudia kuangalia ile video ya Kipchoge akikimbia Vienna, sasa kocha anatuambia ati ile barabara iko ndani ya paki ya starehe, kuna gurudumu kubwa la kupandisha watu na vichezeo vya watoto. Si anatudanganya huyu? – Kijana wa Kapchorwa*

Kocha wenu yuko sawa kabisa, ila tuelewane, hii si paki ya taksi. Inaitwa Prater, iko huko Vienna, mji mkuu wa Austria, na ni kubwa kweli, vichezeo vimekaa upande mmoja tu, kwingine ni miti na nyasi. Zamani lilikuwa pori la wafalme kuwindia, mtu wa kawaida haingii, mpaka 1766 Kaisari Joseph wa Pili akafungua kila mtu aingie, na watu wakishajaa unajua tena kinachofuata, vibanda vya kahawa, vya chakula, bembea. Barabara mliyoiona inaitwa Hauptallee, imenyooka kilomita 4 na kitu, tambarare, miti kushoto na kulia inakata upepo, halafu saa za Vienna mwezi ule zilipishana na za kwetu kwa saa moja tu kwa hiyo mwili hauchanganyikiwi. Ndiyo maana wakapachagua. Tarehe 12 Oktoba 2019 akamaliza marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, haikuandikwa rekodi ya dunia maana wakimbiaji wa kumsindikiza walikuwa wanapokezana njiani, lakini mi kwangu hilo halipunguzi kitu.

Na hilo gurudumu, Riesenrad, lina hadithi nzito kuliko mbio. Mwingereza Walter Bassett alilijenga 1897, urefu karibu mita 65, na vibanda vyake vya kupanda vilikuwa 30. 1916 walishapewa kibali cha kulibomoa, hela ya kubomoa ikakosekana (nilicheka niliposoma hapo, nikafikiri ni kwetu tu). Baadaye akalinunua Eduard Steiner, Myahudi wa Prague, naye nia yake ilikuwa kuliuza kama vyuma chakavu lakini akaona afadhali alikodishe. Wanazi wakamnyang'anya, wakamuua kwenye kambi yao ya mauaji ya Auschwitz 1944, na mwaka huohuo gurudumu likaungua kwenye vita. Liliporudi 1947 likarudishiwa vibanda 15 tu, na ni hivyo mpaka leo.

*Binti yangu anasoma huko Austria, nikienda kumtembelea anataka kunipeleka hapo. Getini ni pesa ngapi? – Mama wa Jinja*

Getini hakuna pesa mama, hata geti lenyewe hutaliona, unalipa kwa kila kitu unachopanda. Kama kizunguzungu kinakusumbua acha vile vinavyorusha watu juu chini, panda ile treni ndogo ya Liliputbahn inayopita katikati ya miti tangu 1928. Gurudumu pia halina shida, linaenda polepole mpaka unaweza kudhani limesimama.

*Mwanangu alisoma kwamba zamani Waafrika waliwekwa hapo Prater waangaliwe kama wanyama. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? – Mzee wa Arua*

Ni kweli mzee, na ningeomba isiwe. 1896 waliletwa watu wa Ashanti kutoka nchi inayoitwa Ghana leo, wanaume kwa wanawake na watoto, wakajengewa vijumba ndani ya bustani ya wanyama iliyokuwa hapohapo Prater, watu wa Vienna wanalipa kiingilio wanakuja kuwatazama wakipika na kucheza ngoma. Walijaa kwelikweli, hata mwaka uliofuata maonyesho yakarudiwa. Na mwaka huohuo wa 1896 Mwingereza alikuwa amemkamata mfalme wao Prempeh, akaishia kufungiwa visiwa vya Shelisheli, na hapo ndipo hadithi inapofika kwetu Uganda mzee wangu, maana hukohuko ndiko walikopelekwa wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Mwanga alifia kule 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafia Mpumudde pale Jinja kabla hajafika kwao, na yule mama wa swali la juu bila shaka Mpumudde anapajua.