Haibridi ya kuchaji kwa safari za Dar–Dodoma

Mkuu, umeuliza kama Mitsubishi Outlander PHEV (gari la petroli na umeme, ambalo betri yake unaichaji kwenye plagi) iliyotumika Japani itakupunguzia gharama za kwenda Dodoma kila wiki mbili, badala ya basi au treni. Kwa safari hiyo peke yake, jibu langu ni hapana.

Betri ya matoleo ya mwanzo ni ya kWh 12. Ikiwa nzima inakupeleka kilomita 40 hivi, yaani ukifika Kibaha umeme umekwisha. Kuanzia hapo ni injini ya petroli ya lita 2, tena inavuta gari la tani 1.8 hivi pamoja na betri isiyokusaidia sana. Barabara ni kama kilomita 450, hivyo zaidi ya 400 unazilipia sheli. Na betri ya gari la mwaka 2014 imeshachoka. Ipimwe kabla hujalipa, nakusihi sana.

Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Treni ya haraka haitumii hata muda wa saa 4 njiani, na inakwenda kwa umeme mwanzo mwisho. Basi linakula siku, ila linakushusha Gairo au Kibaigwa ukitaka.

Gari lina faida mkiwa wanne na mizigo, maana mafuta ni yaleyale. Pia kama kila siku unatoka Mbezi Beach kwenda Posta na kurudi, unachaji usiku nyumbani na petroli huigusi sana. Hapo haibridi inalipa kweli. Wewe kwa siku unatembea kilomita ngapi?