Katamarani, meli ya magari au boti ya faiba: ya kumvusha mama ni ipi?

Swali: Mhandisi, pole na kazi. Nataka kuvuka na mama yangu kutoka kisiwa kimoja kwenda kisiwa jirani, kama maili 20 za baharini. Vyombo viko vya aina tatu. Kuna katamarani, chombo cha miili miwili kiendacho kasi, wanasema dakika 40. Kuna meli ya magari, ya zamani kidogo, inayokaribia saa mbili njiani. Halafu kuna boti za faiba zenye injini za nyuma, abiria ishirini hivi, zinazoondoka zikijaa. Mama ana miaka 68, mgongo unamsumbua, na bahari humchafua roho upesi. Tutasafiri msimu wa upepo. Wengine wananiambia chombo kikubwa hakiyumbi, wengine wanasema bora safari fupi liishe. Kitaalamu ipi ni sahihi?

Jibu: Wanaokushauri wote wana nusu ya ukweli, na ndiyo maana umechanganyikiwa. Nianze na uamuzi wangu, sababu zifuate. Boti ya faiba iondoe kabisa. Katika mbili zinazobaki, mpandishe mama katamarani ya kwanza ya asubuhi ikiwa utabiri wa mawimbi hauvuki mita moja na robo. Ukivuka hapo, nendeni na meli ya magari, kwa sharti kwamba umeitazama kwanza kwa macho yako gatini na ukaridhika nayo. Nitakueleza cha kutazama.

Chombo hakisukwi na kimo cha wimbi peke yake. Kuna umbali wa kutoka kilele cha wimbi moja hadi kingine, na namna unavyolingana na urefu wa chombo chenyewe. Umbali huo unaweza kuukadiria ukiwa umesimama nchi kavu mahali panapoonyesha bahari wazi: hesabu sekunde zinazopita kati ya kilele na kilele, zizidishe kwa zenyewe, kisha mara 1.5. Unachopata ni mita. Kanuni kamili ni 1.56, na inahusu maji ya kina kirefu, ila kwa hesabu ya kichwani 1.5 inakidhi haja. Mlango wa bahari kati ya visiwa vilivyokaribiana hauupi upepo nafasi ya kukuza mawimbi marefu, kwa hiyo mara nyingi utahesabu sekunde 4 au 5, yaani mita 24 hadi 38 hivi.

Chukua sasa meli ya magari ya mita 60. Katika mawimbi hayo inalalia vilele viwili kwa wakati mmoja na omo lake, yaani ncha ya mbele, halizami sana. Boti ya mita 12 haina bahati hiyo: kila wimbi inalipanda na kulishuka lote. Katamarani ya mita 35 ndiyo yenye vigeugeu. Sekunde zikiwa 4 inakata vizuri, na zikifika 5 umbali wa mawimbi unakaribia urefu wake, ndipo inapoanza kuinama na kuinuka. Anayesema kikubwa hakiyumbi anazungumzia hili, ingawa angesema kirefu angekuwa sahihi zaidi.

Tumbo la mama lina hesabu yake. Mwendo unaochafua roho kuliko mwingine wowote ni wa kupanda na kushuka polepole, mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 5. Mwendo wa haraka kuliko huo unachosha na kuumiza viungo, lakini hautapishi kwa kiasi hicho. Mwendo wa polepole sana mwili hauushughulikii. Kumbuka pia kwamba chombo kinachotembea hakikutani na mawimbi kwa mdundo uleule ulioupima ukiwa nchi kavu. Mawimbi ya sekunde 6 yakija kwa mbele, katamarani ya noti 30 (maili 30 za baharini kwa saa) hukutana nayo kila baada ya sekunde 2 na kitu, wakati meli ya noti 12 hukutana nayo kila baada ya sekunde 3.6 hivi. Kwa hiyo meli kubwa inayoenda pole inaweza kuwa karibu zaidi na mdundo mbaya kwa tumbo kuliko chombo cha kasi kinachotikisika. Si ajabu basi kuona watu wametulia katamarani na wengine wanatapika kwenye meli kubwa iliyopita njia ileile.

Halafu kuna muda. Wahandisi tunapopima uwezekano wa abiria kuchafukwa, tunachukua nguvu ya mtikiso na kuizidisha kwa kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni kwamba muda ukiongezeka mara nne, adha inaongezeka mara mbili tu. Katika safari yako, maili 20 kwa noti 30 ni dakika 40, na kwa noti 12 ni dakika 100, yaani mara mbili na nusu. Ili meli ishinde, mtikiso wake lazima uwe chini ya thuluthi mbili ya ule wa katamarani. Bahari ikiwa tulivu haitofikia hapo, kwa sababu katamarani nayo haitikisiki sana. Bahari ikichafuka itafikia bila shida. Mpaka wangu wa mita moja na robo nimeuweka nikizingatia hilo, na pia mgongo. Katamarani ina miili miwili na deki inayoiunganisha kwa juu. Mawimbi yakikua, maji hugonga chini ya deki hiyo kwa kishindo ambacho mtu mwenye mgongo mbovu atakihisi mpaka kesho yake. Mawimbi yakiijia kwa nyuma upande, itajipinda: inalala ubavu na kuinamisha omo kwa pamoja. Wengi huona mwendo huo ndio mbaya kuliko yote.

Ukiusoma utabiri, jihadhari na tarakimu yenyewe. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi. Ukiandikiwa mita 1.2, lile kubwa kabisa utakalokutana nalo njiani linaweza kukaribia mara mbili yake. Tazama vilevile saa za maji kujaa na kupwa, na upande wa upepo. Mkondo ukienda kinyume na upepo, mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama kama ukuta, na mlango wa bahari uliokuwa unapitika saa tatu asubuhi unakuwa kitu kingine kabisa saa saba mchana. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mkondo una nguvu zaidi na hali hiyo huzidi. Katika nchi za joto upepo wa kutoka baharini huamka kadiri jua linavyopanda, na hiyo ndiyo sababu nimesema asubuhi. Kama una uhuru wa kuchagua kitu kimoja tu, chagua saa ya kuondoka kabla ya kuchagua chombo.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote hayo. Vyombo vya kasi vinavyofuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, zile za mwaka 2000, hupewa kibali cha uendeshaji kinachotaja hali mbaya kabisa ya bahari ambayo chombo kinaruhusiwa kuikabili. Ikizidi hapo, nahodha haondoki. Kanuni hizo ziliandikwa kwa safari za kimataifa. Kwa safari za ndani kila nchi inaamua yenyewe, na uthabiti wa uamuzi huo unatofautiana sana. Kwa hiyo pale ofisi ya tiketi usiulize inakimbia kiasi gani. Uliza: mwisho wenu wa mawimbi ni mita ngapi, na mara ya mwisho kuahirisha safari ilikuwa lini? Kampuni inayojibu bila kusita kwamba wiki iliyopita walilala gatini siku nzima, ipande. Ile inayojigamba kwamba haijawahi kukosa safari, mimi siigusi.

Boti ya abiria MV Skagit ndiyo mfano ninaoutumia ninapofundisha. Iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, kule Seattle, ibebe watu wanaokwenda kazini na kurudi. Huko ilifanya kazi yake vizuri. Baadaye iliuzwa Tanzania, ikawekwa kwenye njia ya Dar es Salaam na Zanzibar, na tarehe 18 Julai 2012 ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na bahari kubwa. Chombo kile hakikubuniwa kwa maji yale. Miezi kumi kabla yake, Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilikuwa imezama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko idadi iliyoruhusiwa. Chombo kizuri katika maji yasiyo yake, au chini ya mzigo usio wake, si kizuri tena.

Ndiyo maana nataka uitazame ile meli ya magari kabla ya kulipa. Fika mapema, simama kando, angalia. Alama ya mzigo iliyochorwa ubavuni, duara lenye mstari, iwe juu ya maji. Watu wasirundikane deki ya juu, kwa kuwa uzito unaopanda juu unapandisha kitovu cha uzito cha meli nzima, na meli iliyopandishwa kitovu hulala ubavu polepole kisha hukawia kujiinua. Ukiona meli inalala na kubaki imelala hivyo kwa muda kabla ya kurudi, rudini nyumbani. Magari yafungwe kwa minyororo. Malori yakiwa yamezuiwa kwa breki ya mkono tu, siku ya mawimbi yatahamia upande mmoja.

La mwisho kwa meli hiyo, na hapa sina mzaha: mlango wa magari ufungwe kabla chombo hakijaacha gati. Meli ya magari Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, Machi 6, 1987, milango ya omo ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye deki ya magari, na kwa vile deki hiyo ni ukumbi mmoja mrefu usio na kuta za kati, yalikimbilia upande mmoja yote. Ilipinduka ndani ya dakika chache, ikaua watu 193. Kiasi kidogo tu cha maji yanayocheza huru kwenye deki ya aina hiyo kinatosha kuiondolea meli uthabiti wake. Nimeshawaona mabaharia wakiufunga mlango huku meli inageuka kutoka bandarini ili kuokoa dakika tatu. Meli kama hiyo mama asiipande, hata bahari ikiwa shwari.

Boti za faiba nilisema nitazitolea sababu. Zikipiga mawimbi kwa kasi, abiria wa mbele hurushwa kutoka kwenye kiti na kurudi kwa kishindo, na pingili za uti wa mgongo huweza kuvunjika kwa kubanwa. Hutokea hata kwa vijana wenye afya. Mwenye miaka 68 na mgongo unaouma hana shughuli humo. Kuondoka zikijaa maana yake pia ni kwamba saa ya kuondoka inaamuliwa na abiria wa ishirini, wala si na hali ya bahari.

Kuhusu pa kukaa, wazee wa pwani walisema tezi (ncha ya nyuma) na omo, marejeo ni ngamani (chini ndani ya chombo), wakiwa na maana yao nyingine. Kwa mgonjwa wa bahari yachukue maneno hayo kama yalivyo. Ncha za chombo ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, katikati ndiko kwenye utulivu, na chini kuliko juu. Mtafutie mama kiti cha katikati ya chombo, kuelekea tezi kidogo, deki ya chini ya abiria, mahali anapoweza kuona upeo wa bahari dirishani na karibu na mlango wa kutokea. Simu na gazeti aviweke. Moshi wa injini ukimfikia, muhamishe. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, kwa sababu tumbo likishachafuka haifiki mbali, na kwa umri wake mwulize kwanza mfamasia kama inapatana na dawa nyingine anazotumia. Asisafiri na njaa, ila asishibe pia.

Jaketi la kuokolea ujue lilipo na namna linavyofungwa kabla ya kung'oa nanga. Yale ya kujazwa hewa yasijazwe mkiwa bado ndani ya ukumbi uliofungwa: maji yakiingia, jaketi litakuinua hadi darini na kukuzuia kutoka.

Tiketi ya kurudi usiikate pamoja na ya kwenda. Upepo utakaowasukuma mgongoni mkienda utawajia usoni mkirudi, au kinyume chake, na chombo kilichowafaa kwenda huenda kisiwafae kurudi. Acheni na siku moja ya akiba kabla ya ndege au miadi ya daktari, ili nahodha akisema leo hatuondoki, msijikute mnamwomba aondoke.