Jibu: Kwa nini CO₂ ina "dai" na CaCl₂ haina

Dadangu, umeuliza mbona CO₂ huitwa kaboni dayoksaidi ("dai" ni mbili), lakini CaCl₂ haiitwi kalsiamu daikloraidi. Jibu limo kwenye aina ya kifungo, yaani jinsi atomu zinavyoshikana.

Kalsiamu ni metali. Ina elektroni 2 kwenye gamba la nje, nayo huziachia kwa wepesi. Klorini inazo 7, yatafuta 1 tu zitimie 8. Basi atomu 1 ya kalsiamu huzigawia klorini 2, zote zikawa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na chaji zilizo kinyume zikavutana. Kwenye misombo hii kalsiamu huwa na chaji +2, kwa hivyo hesabu yajulikana bila kutajwa: kalsiamu kloraidi, basi.

Kaboni na oksijeni si metali. Hapo elektroni hutumiwa kwa ushirika, na ushirika wenyewe hauna idadi moja. Iko CO, ile sumu ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, na iko CO₂ tunayoitoa puani. Bila "mono" (moja) na "dai" utazitenganishaje?

Msumbufu ni chuma: metali, lakini yaweza kuwa +2 au +3, ndiyo maana FeCl₃ huandikwa chuma(III) kloraidi. Hili vitabu vingi hulipitia mbio, na mtihani haulisamehe.

Ukitaka vifungo vyote viwili pamoja, nenda kaguse kuta za Fort Jesus, ngome ya Mombasa iliyojengwa kwa matumbawe. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃: ndani ya kaboneti, kaboni na oksijeni zashirikiana elektroni, kisha kaboneti nzima, yenye chaji −2, hushikana na kalsiamu kwa mvuto wa ayoni.