Mungu wa Karatasi: Jibu kwa Shangazi na Ukoo Mzima

Shangazi, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na kwa kuwa uliuweka kwenye kundi la ukoo, nami najibu mbele ya ukoo. Umeuliza kama ni kweli kwamba Mungu wa Marekani hujibu upesi kuliko wa kwetu, kwa sababu kijana wa jirani yako ametoa ushuhuda kwenye video kwamba alifunga na kuomba akapata grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani daima. Kisha ukauliza kwa nini mimi, niliyepata karatasi hiyohiyo, sijatoa ushuhuda wala sadaka ya shukrani kwa ajili ya paa la kanisa.

Habari za baridi na za kubeba boksi mnazijua, sina la kuongeza. Linalonikera ni huyu Mungu wa karatasi. Katika makanisa yetu wahamiaji, ambayo mengi hukutania katika kumbi za kukodi baada ya wenyeji kumaliza ibada yao, Mungu amebadilishwa sura hadi amekuwa ofisa uhamiaji. Anafungua faili na kulifunga, anachelewesha, anaita watu kwenye mahojiano, anagonga muhuri. Nimesikia mtu akiomba huku akitaja namba ya risiti ya ombi lake, tarakimu kwa tarakimu, kana kwamba Mwenyezi naye huingia kwenye kompyuta kutazama kesi imefika wapi. Sisemi haya kwa dhihaka, maana nami niliomba vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wengi. Huku hatuogopi ukame wala simba. Tunamwogopa mtu anayepekua nyaraka zetu nyuma ya kioo, na ndiye aliyempa Mungu wetu sura.

Wala msidhani ni ulokole wa Waafrika peke yao. Karibu na Hyderabad, India, lipo hekalu la Chilkur, ambalo mungu wake, Balaji, watu wamempa jina la mungu wa visa: muumini hulizunguka hekalu mara 11 akiomba visa, na akishaipata hurudi kulizunguka mara 108 kwa shukrani. (Hekalu hilo halina sanduku la sadaka, Shangazi, nalitaja hilo kwa heshima zote.) Wameksiko nao wana Mtakatifu Toribio Romo, padre wa Jalisco aliyeuawa na askari mwaka 1928 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, ambaye wavukaji wa mpaka wa kuingia Marekani husimulia kwamba huwatokea jangwani akiwa kijana anayewapa maji na kuwaonyesha njia. Jambo la kuchekesha ni kwamba padre huyo, enzi za uhai wake, aliandika mchezo wa kuigiza uliowakejeli wanaokimbilia kaskazini. Alipokufa, waliohitaji mvushaji wakamfanya mvushaji.

Aliyeliona jambo hili zamani alikuwa mhamiaji pia. Xenophanes, mshairi Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliondoka Colophon, katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki, akiwa kijana, na katika beti zake anasema ametangatanga kwa miaka 67. Aliandika kwamba Waethiopia husema miungu yao ni myeusi yenye pua bapa, Wathrakia husema yao ina macho ya buluu na nywele nyekundu, na kwamba farasi, lau wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu yenye umbo la farasi. Hakusema Mungu hayupo. Alisema yupo mmoja, asiyefanana na binadamu kwa mwili wala kwa fikra. Nadhani ilimlazimu kuhama kwanza ndipo alione hilo, kwa kuwa aliyebaki kwao huona sura moja tu na kuidhania ndiyo yenyewe. Hata Yesu mwenye nywele za hudhurungi aliye ukutani sebuleni kwako alichorwa mwaka 1940 na Warner Sallman wa Chicago, mtoto wa wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ulaya, aliyempa sura ya watu wa kwao. Picha hiyo imechapishwa nakala zaidi ya milioni 500.

Na ninyi huko nyumbani, msicheke. Mungu mnayemhubiri siku hizi ni tajiri, anaishi mbali, haonekani, hutuma baraka mwisho wa mwezi, na akichelewa mnamnunia. Huyo mmemchora kwa kunitazama mimi, na mimi nina kodi ya nyumba ya kulipa.

Ushuhuda siutoi, na sababu ni hii. Nilifunga pamoja na ndugu mmoja Mkongo, mcha Mungu kunizidi, mwenye shida kunizidi; mimi nikakubaliwa, yeye akakataliwa na kurudishwa. Nikisimama kusema Bwana amenitendea, nitakuwa nasema nini juu yake? Mchungaji alisema labda imani yake ilikuwa na ufa. Tangu siku ile naketi viti vya nyuma.

Kwa vijana wanaosoma haya: msije kwa sababu ya video ya mtu. Mkija, tafuteni kanisa au msikiti wenu wiki ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mtapata koti, chumba, na jina la mwanasheria asiye tapeli. Mkiambiwa mpande mbegu ya visa, yaani mtoe fedha ili mpate visa, tokeni nje. Ombi la hifadhi ya ukimbizi hutakiwa kupelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini, isipokuwa kwa sababu maalumu, na mfungo hauongezi hata siku moja. Fungeni, lakini pelekeni fomu kwanza. Na ninyi wazee, pamoja na yote niliyosema, msiache kuniombea, kwa maana bado nina ombi la mke wangu mezani kwa maofisa uhamiaji.

Fedha ya bati nitaituma, Shangazi, mshahara ukiingia. Iandikwe kuwa mchango wa ujenzi, isiitwe sadaka ya shukrani, na jina langu lisisomwe kanisani.